Tabibu Hufunzwa Mlimani: Historia ya Mitishamba ya Tibet na Watu Wanaoitumia

Kwenye miteremko ya Himalaya huota mimea ya jamii ya akoniti, ambayo watu wa Tibet huiita bong-nga. Vitabu vyao vya tiba huigawa kwa rangi. Bong-nga nyeupe ni dawa ya kuvunja nguvu ya sumu mwilini. Bong-nga nyeusi yenyewe ni sumu kali, na kipande kidogo cha mzizi wake kinaweza kumuua mtu mzima. Zote ni za ukoo mmoja na majani yake yanashabihiana. Mchumaji aliyefundishwa nusunusu anaweza kurudi na kifo ndani ya mfuko wa dawa.

Tabibu wa huko huitwa amchi, na elimu yake ni Sowa Rigpa, yaani elimu ya uponyaji. Historia ya elimu hiyo mara nyingi husimuliwa kupitia wafalme, watawa na maandiko matakatifu. Hapa tutaisimulia kwa kufuata maswali mawili: ni nani aliyefundishwa kuitambua mimea, na baada ya kufuzu alipelekwa kumtibu nani? Kila maswali hayo yalipojibiwa kwa pamoja, vijiji vya mbali vilipata matabibu wa kutegemewa. Kila yalipotenganishwa, vijiji vilibaki mikono mitupu.

Kitabu na mteremko

Msingi wa Sowa Rigpa ni Gyushi, maana yake Tantra Nne, kitabu chenye sura 156. Mapokeo yanakihusisha na Yuthok Yonten Gonpo, tabibu wa karne ya 12, na ndani yake yamekutana maarifa ya India, ya China, ya nchi zilizo magharibi mwa Tibet, na ya wenyeji wenyewe. Kitabu kinafundisha kwamba mwili huongozwa na nguvu tatu, za upepo, nyongo na balghamu, na kwamba ugonjwa ni kuvurugika kwa uwiano wake. Dawa nayo hupimwa kwa ladha yake na kwa asili yake, kama ni ya baridi au ya moto.

Maagizo yake kuhusu mimea ni ya mtu aliyezoea kupanda milima. Dawa za asili ya baridi zichumwe upande wa kivuli, unaotazama kaskazini. Za asili ya moto zichumwe upande unaopigwa na jua. Kila sehemu ya mmea ina majira yake: majani ni ya wakati wa mvua, mizizi ni ya wakati mmea umeanza kunyauka. Mitishamba ya baridi hukaushwa kivulini, ya moto juani. Kisha iondolewe sumu, isikae mpaka ikachakaa, na ichanganywe kwa vipimo. Mwandishi wa maagizo kama haya alimtarajia tabibu awe pia mchumaji, mkaushaji na mtengenezaji wa dawa.

Lakini mlima peke yake haukutosha. Tunda la arura, ambalo matabibu wa Tibet huliita mfalme wa dawa, hutoka kwenye mti wa mabonde yenye joto, na lilifikishwa Tibet na misafara ya wafanyabiashara kutoka upande wa India. Katika orodha ya dawa sita bora, msomaji wa pwani yetu atakuta majina anayoyajua: karafuu, kungumanga, iliki na zafarani, pamoja na iliki kubwa nyeusi na ute mkavu unaopatikana ndani ya mianzi. Kwa hiyo tabibu alilazimika kujua vitu vya aina mbili: mimea aliyoiona ikichanua, na vitu vilivyomfikia vikiwa vikavu gunioni, vilivyopita mikono mingi na rahisi kughushiwa.

Tatizo lingine lilitokana na maandiko. Vitabu vilivyotoka India vilitaja mimea ambayo haikuota katika nyanda za juu. Utpala ya Wahindi ni yungiyungi la majini la buluu. Huko Tibet jina hilo likahamia kwenye mpopi wa buluu wa milimani. Mkoa mmoja ukaita mmea fulani kwa jina hili, mkoa wa jirani ukaita mmea mwingine kwa jina hilohilo. Karne zilivyopita, mkanganyiko huo ukawa hatari kwa wagonjwa.

Mlima wa Chuma

Aliyejaribu kuuondoa mkanganyiko huo kwa nguvu za dola alikuwa Sangye Gyatso, aliyezaliwa mwaka 1653 na kuitawala Tibet kama naibu wa Dalai Lama wa 5, kisha wa 6. Aliandika ufafanuzi mkubwa wa Gyushi uitwao Zabarajadi ya Buluu, na kuanzia mwaka 1687 akaagiza uchorwe kwenye nguo. Kazi hiyo ilizaa picha 79, ambamo mna mamia ya mimea, wanyama na madini, kila kimoja na jina lake. Mimea ya nyanda za juu wachoraji waliweza kuitazama ikiwa hai. Ya mabonde ya India mara nyingi walitegemea maelezo, na tofauti hiyo inaonekana kwenye picha. Hata hivyo kwa mara ya kwanza mwanafunzi alipata kitu cha kulinganishia kile alichokishika mkononi.

Mwaka 1696 Sangye Gyatso alianzisha chuo cha tiba juu ya Chakpori, Mlima wa Chuma, mkabala na kasri la Potala mjini Lhasa. Wanafunzi wake walikuwa watawa waliotoka katika makao ya kidini, nao walitakiwa kukariri sehemu kubwa ya Gyushi kabla ya kumgusa mgonjwa. Wakati wa kiangazi walitolewa madarasani na kupelekwa milimani kuchuma dawa, na huko ndiko walikotahiniwa. Mimea iliwekwa mbele ya mwanafunzi, akatakiwa kutaja jina lake, ladha yake, asili yake na ugonjwa unaotibiwa nayo. Macho hayakumtosha. Alionja, alinusa, alisugua jani kati ya vidole. Aliyeshindwa alionekana mbele ya wenzake wote.

Katika karne ya 18 tabibu Deumar Tenzin Phuntsok, mzaliwa wa mashariki mwa Tibet, alichukua kazi hiyo mbele zaidi. Kitabu chake kiitwacho Shelgong Sheltreng kinaeleza dawa zaidi ya 2,000: mahali zinapopatikana, umbo la jani, ua na mzizi, ladha, na majina tofauti yanayotumika sehemu mbalimbali. Matabibu bado wanakirejelea wanapobishana kuhusu mmea upi ndio wenyewe.

Pamoja na ukuu wake, Chakpori kiliwahudumia zaidi watawa na wakubwa. Mfugaji wa yaki aliyeishi mwendo wa siku nyingi kutoka Lhasa alimtegemea amchi wa kijiji, aliyefundishwa na baba au mjomba wake. Ukoo wenye tabibu hodari ulikuwa baraka kwa bonde zima. Ukoo ukikatika, bonde halikuwa na pa kukimbilia.

Khyenrab Norbu na watoto wachanga

Badiliko lilikuja mwaka 1916. Dalai Lama wa 13, aliyekuwa amerudi kutoka uhamishoni akiwa na nia ya kuijenga upya nchi yake, aliamuru kuanzishwa kwa Mentsikhang, Nyumba ya Tiba na Elimu ya Nyota, mjini Lhasa. Aliyekabidhiwa uongozi ni Khyenrab Norbu, mtawa na tabibu aliyezaliwa mwaka 1883, ambaye baadaye aliongoza na Chakpori pia.

Mentsikhang ilipokea wanafunzi kutoka makao ya watawa, lakini pia kutoka jeshini na miongoni mwa raia wa kawaida, kwa matarajio kwamba wakihitimu watarudi walikotoka kutibu watu. Hapo tunaona mpango wa kuandaa wahudumu wa afya kwa ajili ya nchi nzima. Mwaka huohuo ulitungwa mwongozo wa kutunza watoto wachanga, na Mentsikhang ikapewa jukumu la kusambaza dawa kwa wazazi na watoto wao. Dola ilikuwa imeanza kukiri kwamba uhai wa mtoto wa mfugaji ni wajibu wake.

Khyenrab Norbu hakukubali upana wa huduma upunguze ukali wa mafunzo. Safari ya kila mwaka ya kuchuma mitishamba ilibaki, na mtihani wa mimea ulibaki pamoja nayo. Wanafunzi wake wengi ndio waliokuja kuibeba elimu hii baada ya kila kitu kingine kubomoka.

Kuvunjika

Machi 1959, wakati wa uasi wa Lhasa dhidi ya utawala wa China, mizinga ilikibomoa chuo cha Chakpori. Dalai Lama wa 14 alikimbilia India, na maelfu ya watu wakamfuata kupitia njia za milimani. Khyenrab Norbu alibaki Lhasa na kufariki mwaka 1962. Mwanafunzi wake Tenzin Choedrak, aliyekuwa tabibu wa Dalai Lama, alikamatwa na kupelekwa katika kambi ya kazi ngumu ambako wafungwa wengi walikufa kwa njaa.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, kuanzia mwaka 1966. Makao ya watawa yalifungwa, vitabu vikachomwa, na matabibu wa koo za zamani wakadhalilishwa hadharani. Wakati huohuo China ilikuwa ikitekeleza mpango mkubwa wa afya vijijini. Mwaka 1968 magazeti yake yaliutangaza mfano wa madaktari wa pekupeku: wakulima waliopewa mafunzo ya muda mfupi, wakarudi kijijini kutibu maradhi ya kawaida, kuchanja na kufundisha usafi. Idadi yao katika China nzima ilipita milioni 1.

Mpango huo ulifika Tibet pia. Lazima tuutazame kwa haki. Ulipeleka chanjo na dawa mahali ambapo hazikuwahi kufika, na kwa kuwa dawa za viwandani zilikuwa chache, wahudumu walihimizwa kutumia mitishamba ya karibu. Baadhi ya watoto wa koo za matabibu waliokolewa na mpango huo, kwa sababu chini ya jina la daktari wa pekupeku waliweza kuendelea na kazi ambayo kwa jina la amchi ingewatia matatani. Lakini mafunzo ya miezi michache hayawezi kumfundisha mtu kutenganisha bong-nga nyeupe na nyeusi, na wale waliojua kufanya hivyo walikuwa gerezani au wamenyamazishwa. Mentsikhang ya Lhasa ilipojengwa upya kuanzia miaka ya 1980, ilibidi iwatafute wazee waliosalia ili mnyororo usikatike.

Dharamsala: mimea ya ugenini

Upande wa pili wa Himalaya, wakimbizi walikabiliwa na joto, msongamano na kifua kikuu. Yeshi Dhonden, aliyeingia Chakpori akiwa mtoto na kuvuka mpaka mwaka 1959, alipewa kazi ya kuanzisha tena huduma ya tiba. Mentsikhang mpya ilizaliwa Dharamsala, India, mwaka 1961, ikiwa na vyumba vichache na wanafunzi wachache.

Shida yake kubwa ilikuwa mimea. Miteremko ya kusini ya Himalaya hupata mvua nyingi kuliko nyanda kavu za Tibet, na kile kilichoota nyuma ya nyumba utotoni sasa kilikuwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Matabibu walilazimika kuizunguka milima ya India kama wanafunzi upya, wakitafuta mmea uleule au ndugu yake wa karibu, wakiulinganisha na vitabu na kumbukumbu zao. Desturi ya kiangazi ilirudi: wanafunzi walipelekwa milimani, wakachuma, wakaonja, wakatahiniwa.

Miaka ya 1970 taasisi hiyo iliongozwa na Lobsang Dolma Khangkar, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Alikuwa mrithi wa ukoo wa matabibu wa Kyirong, na uongozi wake ulionyesha wazi kwamba elimu iliyozoea kurithiwa na wana wa kiume haikuwahi kuwa haki yao peke yao. Mwaka 1980 aliwasili Tenzin Choedrak, baada ya miaka mingi ya kifungo na uangalizi, akileta kichwani mwake mafunzo ya Khyenrab Norbu. Baadaye tabibu mwingine wa taasisi hiyo, aitwaye Dawa, aliichora mimea mmoja baada ya mwingine na kuandika maelezo yake. Juzuu ya kwanza ya kazi hiyo ilitoka mwaka 1999. Leo taasisi hiyo ina zahanati zaidi ya 50 India na Nepal, na wagonjwa wake wengi ni Wahindi wasio na uhusiano wowote na Tibet.

Bhutan na njia ya dola

Septemba 1978 wajumbe wa mataifa walikutana Alma-Ata, Kazakhstan, wakatangaza kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia watu wote, na kwamba waganga wa jadi, pale wanapohitajika na wakiandaliwa ipasavyo, wawe sehemu ya watoa huduma. Tanzania ilikuwa tayari imefungua kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili mwaka 1974. Nchi nyingi zilitia saini na kusahau. Bhutan ilikuwa imeanza mapema, na haikusahau.

Wabhutani tangu zamani waliiita nchi yao Nchi ya Kusini ya Mitishamba. Mwaka 1967 serikali iliamua kuingiza tiba ya jadi katika mfumo wa afya wa taifa, na mwaka 1968 zahanati ya kwanza ikafunguliwa Thimphu. Mafunzo rasmi yalianza mwaka 1971, chini ya matabibu ambao baadhi yao walikuwa wamesoma Tibet kabla ya mpaka kufungwa. Zikaundwa ngazi mbili: drungtsho, daktari anayesoma miaka mitano, na menpa, msaidizi wake anayesoma miaka mitatu. Wote ni waajiriwa wa serikali. Katika hospitali ya wilaya, mgonjwa hukuta chumba cha tiba ya kisasa na chumba cha tiba ya jadi chini ya paa moja, na huelekezwa huku au kule kwa mujibu wa ugonjwa wake. Katiba ya mwaka 2008 imeiwajibisha dola kutoa bure huduma za msingi za afya za aina zote mbili.

Kinachoufanya mfumo huu usimame ni kwamba Bhutan haikuuacha mlima. Lingzhi, eneo la wafugaji wa yaki lililo kwenye mwinuko wa mita 4,000 hivi, limekuwa chanzo kikuu cha mitishamba ya juu. Wafugaji hufundishwa kuitambua mimea, kuichuma kwa wakati, kuacha mbegu na kuikausha ipasavyo; kisha mitishamba huteremshwa kwa wanyama hadi kwenye kiwanda cha serikali Thimphu, na wafugaji hulipwa. Mlolongo unaanza kwa mchumaji anayejua anachochuma na kuishia kwa menpa anayejua anachompa mgonjwa. Kiungo kimoja kikilegea, mgonjwa ndiye anayelipa.

Dolpo, Mustang na Ladakh

Mahali ambapo dola ilikuwa mbali, matabibu walijikusanya wenyewe. Dolpo, kaskazini-magharibi mwa Nepal, mwishoni mwa miaka ya 1990 amchi na wataalamu wa mimea walipanda malisho ya Shey Phoksundo pamoja na kuchunguza mimea inayouzwa kwa wingi. Waligundua kwamba nardo, yenye mizizi ya manukato, hurejea taratibu zaidi baada ya kuchumwa kuliko honglen, mmea mchungu wa homa. Sheria moja ya uchumaji kwa mimea yote isingefaa. Walithibitisha pia kwamba ujuzi wa mimea hautoshani: amchi aliyefunzwa huona tofauti ambazo mchumaji wa biashara hazioni. Biashara ya kimataifa ya nardo iliwekewa masharti ya mkataba wa CITES mwaka 1997, lakini ulinzi wa kila siku humtegemea mtu aliye malishoni.

Amchi wa Nepal waliunda chama chao mwaka 1998. Mwaka 2000, Mustang, ndugu wawili wa ukoo wa matabibu, Gyatso na Tenzin Bista, walianzisha shule ya Lo Kunphen ili vijana wa vijiji vya juu, wasichana kwa wavulana, wajifunze tiba pamoja na masomo ya kawaida. Ukoo uliokuwa ukifundisha mwana mmoja sasa ukafundisha darasa zima.

Ladakh, huko India, inatuonyesha kwa nini matabibu hupungua. Zamani, kijana aliyefuzu alitahiniwa hadharani na amchi wenzake mbele ya kijiji kizima. Akishakubaliwa, kijiji kilimlimia na kumvunia mashamba ili apate muda wa kuchuma dawa na kutembelea wagonjwa. Fedha taslimu, ajira za mjini na barabara zilipoingia, desturi hiyo ilififia. Wanakijiji waliendelea kumwita usiku lakini hawakuja tena shambani kwake. Watoto wake waliona taabu hiyo na wakachagua kazi nyingine. Mwaka 2010 sheria ya India iliitambua rasmi Sowa Rigpa, na mwaka 2019 serikali iliidhinisha taasisi ya taifa ya elimu hiyo mjini Leh. Utambuzi huo ulingojewa kwa muda mrefu na unastahili kushangiliwa, ila cheti hakimlimii mtu shamba.

Deni la leo

Sasa tatizo la zamani limerudi kwa sura mpya. Viwanda vikubwa hutengeneza vidonge kwa mamilioni, na mhitimu anaweza kufanya kazi maisha yake yote akifungua makopo yaliyofungwa na watu wengine. Bei ya mitishamba inapopanda, wachumaji wasiofunzwa huingia malishoni na kung'oa chochote. Joto la dunia linaisukuma mimea juu zaidi, na juu ya kilele hakuna pa kuhamia.

Karne tatu zilizopita tangu Chakpori zinatuachia funzo linaloweza kutekelezwa. Mtihani wa mimea ubaki sharti la kupata cheti, na ufanyike mahali mimea inapoota. Msimu wa kuchuma uhesabiwe kuwa kazi rasmi yenye malipo, kwa wahudumu na kwa wafugaji wanaowasaidia. Mhudumu wa kijijini alipwe na umma, kwa kuwa hisani ya majirani haitoshi tena. Na wazee wanaojua mimea waandikwe kama walimu wangali hai, kabla shule haijaanza kuwatafuta kama ilivyowatafuta baada ya Mapinduzi ya Utamaduni. Khyenrab Norbu alifanya sehemu kubwa ya haya akiwa na wanafunzi, wanyama wa mizigo na majira mafupi ya kiangazi. Serikali zenye bajeti, vyuo na barabara hazina udhuru wa kufanya pungufu ya hapo.